Jina la Mpiga Kiwi

Unamteteaje mtu ambaye umeapa hutamtaja jina?

Swali hilo lilinikuta Jumatano saa tano asubuhi, katikati ya Uwanja wa San Francisco hapa La Paz. Hapo ndipo mliponiacha wiki iliyopita, wasomaji wangu. Mama Ofelia, mgeni niliyekuwa nikimtembeza mjini, alikuwa amemkamata mpiga viatu rangi kwa mkono wa koti. Pochi yake yenye pasipoti mbili haikuonekana. Filimbi ya polisi ilikuwa inakaribia. Nami nilikuwa nimeliona kovu.

Kovu lile ni la uji. Nilikuwa na miaka minne siku ilipopinduka sufuria ya api, ule uji wa mahindi ya zambarau anaouza mama yetu, na mkono ulioingia kati ya uso wangu na moto ule ulikuwa wa kaka yangu Limber. Sasa mkono uleule ulikuwa umeshika brashi nyeusi, na mwenye mkono alikuwa amejifunika kwa barakoa ya sufu iliyoacha macho peke yake, kama wanavyojifunika wapiga viatu rangi wote wa mji huu, ili jirani akipita asimtambue jirani yake.

"Noemí," alikuwa amenong'ona, akiwa amepiga magoti mbele ya kiatu cha mgeni wangu. "Apa kwamba hunijui."

Nikaapa. Pochi ilikuwa bado haijapotea, na kiapo kilionekana kitu chepesi.

Nyumbani tuliamini kwamba Limber, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa mwisho, hushinda katika ofisi ya wakili akipanga majalada. Mama huwaeleza hivyo wateja wake hata kabla hawajamuuliza.

"Nani anapiga kelele hapa?" Sajini Condarco aliupasua umati kwa tumbo kwanza, mabega yakafuata.

"Mimi, afande!" Mama Ofelia hakuuachia mkono wa koti. "Mimi ni mwalimu mstaafu kutoka Rosario, Argentina. Ndege yetu inaondoka saa kumi. Mume wangu ameketi hapa apigwe viatu rangi, nami nimesimama kando yake. Nageuka, pochi hakuna! Aliyekuwa karibu ni huyu tu."

"Pochi ilikuwa wapi?"

"Begani. Nina hakika." Akasita. "Karibu hakika."

"Hakika au karibu?"

"Hakika!"

Mzee Anselmo, mumewe, alikuwa amejiegemeza kwenye ngazi za kanisa, akihema kama mtu aliyepanda mlima kwa mbio, ingawa tangu asubuhi alikuwa ameteremka tu. Kimo cha mji wetu huwafanyia hivyo wageni. Kiatu chake cha kulia kilimeta kama kioo. Cha kushoto kilikuwa na vumbi la siku tatu.

"Wewe," Sajini alimwambia kaka yangu. "Jina."

Kimya.

"Kitambulisho."

Macho ndani ya sufu yalikuwa yananitazama mimi.

"Ivue hiyo soksi usoni!" alifoka mtu nyuma yangu.

"Labda hana pua!" akadakia mwingine, na umati ukacheka.

Sajini akanigeukia. "Wewe ndiye mwongozaji wao? Unamjua huyu?"

Nawaambia ukweli, wasomaji, kwa kuwa nilikwisha kuamua kwamba hadithi hii bila ukweli haina haja ya kuandikwa. Nililitazama lile kovu, nikasema:

"Simjui, afande."

Limber akafumba macho. Sijui kama alikuwa ananishukuru au alikuwa ananizika.

Sajini akalipindua sanduku la kazi la kaka yangu. Zikamwagika brashi mbili, kopo la rangi nyeusi, kopo la rangi ya kahawia, kitambaa, mkate nusu, na kitabu kinene kilichofungwa kwa karatasi ya gazeti. Hapakuwa na pochi. Moyo wangu ukapanda kidogo.

Sajini akafungua kitabu. "Sheria ya Jinai," alisoma. Akakiinua juu watu wote wakione. "Haya, jamani, mwizi wa safari hii anasoma kesi yake mapema!"

Kicheko kilivuma uwanja mzima. Moyo wangu ukarudi ulikotoka.

"Hicho nacho umemwibia nani?" Sajini aliuliza, na mkono wake ukaielekea ile barakoa.

Hapo ndipo waliposogea. Sikuwaona walikotoka: wapiga viatu rangi kumi, labda kumi na wawili, kila mmoja na sanduku lake begani na uso wake ndani ya sufu. Mmoja wao, ambaye wenzake humwita Paka, aliweka sanduku lake chini kati ya Sajini na kaka yangu.

"Shikamoo, afande."

"Ondoka hapo."

"Naondoka, afande, sina ugomvi. Ila uso wa mwenzetu haufunuliwi hapa uwanjani. Mpeleke kituoni, funga mlango, mfunue utakavyo. Hapa hapana. Hapa kuna shangazi yake mtu, kuna mwalimu wake, kuna mchumba wake. Ukimfunua hapa, ndiyo basi, kesho hana kazi."

"Kama si mwizi anaogopa nini?"

"Afande," Paka alisema kwa upole, "wewe ungemwambia mama mkwe wako kwamba unapiga watu viatu rangi? Ungepewa mke?"

Hata Sajini alikaribia kucheka. Niliitumia nafasi hiyo kumshika Mama Ofelia mkono.

"Mama, nakusihi. Wale wanajifunika kwa sababu ya aibu, si kwa sababu ya wizi. Wengi wao ni wanafunzi. Ni baba za watu."

Alinitazama kana kwamba nilikuwa nimemtemea mate.

"Leo ni aibu?" alisema. "Jana hukusema hivyo, mwanangu."

Akatoa daftari lake.

Sharti niwakumbushe daftari hilo. Mama Ofelia alikuwa ameahidi kuliandikia gazeti la mji wao yale yote aliyoyaona safarini, na kila jioni alinisomea alichoandika ili nirekebishe majina ya mitaa. Yapo maneno yake niliyoyapenda. Aliandika kwamba mji wetu umemwagwa ndani ya bakuli la milima, na aliyeumwaga hakurudi kuukusanya. Aliandika kwamba hapa maskini ndio wakaao juu na matajiri chini, ili angalau hewa isiwaonee matajiri. Sasa alifungua ukurasa wa jana na kusoma kwa sauti ya mwalimu, umati ukisikiliza:

"'Nimewaona wanaume waliofunika nyuso, wakipiga watu viatu rangi. Nikauliza sababu. Kijana wetu mwongozaji, msichana mwenye akili sana, akacheka na kunijibu: mama, wengine wana mambo yao na polisi.'"

Akafunga daftari. "Ni maneno yako au si yako?"

Yalikuwa yangu.

Tulikuwa ndani ya gari la waya, tukielea juu ya mapaa ya bati, naye akaniuliza. Mimi ambaye chuoni niliandika insha ndefu juu ya heshima ya kazi na kupigiwa makofi, nilijibu kwa mzaha ule ambao watu wote wa mji wetu hujibu nao, bila kufikiri, kama mtu anavyofukuza nzi. Mdomo huponza kichwa, walisema wahenga. Wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mwingine.

"Ni yangu," nikasema.

"Basi usinifundishe leo," alisema Mama Ofelia, na nikaona machozi machoni mwake. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mwanamke asiye na pasipoti, aliyeamini alichoambiwa na mtu aliyemwamini.

Sajini alitoa pingu kiunoni.

"Ofelia," Mzee Anselmo aliita kutoka kwenye ngazi, kwa sauti ya mtu anayelipia kila neno kwa pumzi. "Yule mama... wa juisi... alikuwa anatuitia nini?"

"Mama yupi, Anselmo? Pumzika."

"Wa machungwa. Kule juu. Uliporudisha gilasi. Alipiga kelele nyuma yetu, casera, casera! Nikakwambia... twende... anataka kutuuzia tena."

Damu ilinikimbilia kichwani.

"Mzee," nikamwendea mbio, "aliwaita? Mlikunywa gilasi moja mkaondoka?"

"Wewe ulikuwa kwenye foleni ya tiketi. Ulitupungia mkono tuharakishe."

"Na nyongeza je?"

"Nyongeza gani?"

Wageni! Ningeliwezaje kukumbuka kuwaambia jambo ambalo sisi tunalijua kabla ya kujua kusoma? Hakuna mtu wa La Paz anayerudisha gilasi ya juisi baada ya kunywa mara moja. Unainyoosha, muuzaji anakumiminia nusu nyingine juu yake, bure, na hapo ndipo mnapokuwa casera, kila mmoja kwa mwenzake: yeye muuzaji wako, wewe mteja wake, hata kama hamtaonana tena maishani. Ukiondoka bila nyongeza yako umemwachia deni la moyo. Atakuita. Na kama umesahau kitu kwake, hatampa mtu mwingine, hatakipeleka polisi. Atakifunga ndani ya kitambaa chake cha mgongoni na kukingojesha pamoja na nyongeza yako.

"Mama Ofelia, kumbuka! Ulipokunywa, pochi uliiweka wapi?"

"Begani, nimesema..." Mkono wake ulipanda begani polepole, ukasimama hapo. "Gilasi ilikuwa kubwa. Niliishika kwa mikono miwili. Kulikuwa na ndoano kwenye mkokoteni... Lakini sina hakika. Nadhani niliitundika. Nadhani."

"Afande, umesikia? Pochi iko kwa Doña Eduviges, muuza machungwa! Tumwendee!"

"Nimesikia 'nadhani' mbili," alisema Sajini. "Kwa 'nadhani' simwachii mtu asiye na jina wala uso. Mlalamikaji, unafuta malalamiko?"

Mama Ofelia alimtazama mtu wa barakoa, akaitazama saa yake, akalitazama daftari. "Nikifuta, na pochi isiwe huko?"

Sajini akazipima pingu mkononi.

"Nipe robo saa, afande," alisema Paka. "Mimi nina miguu." Na kabla hajakubaliwa alikuwa ameshapotea kwenye mtelemko, akipanda ngazi mbili mbili.

Tukangoja. Sajini alitafuna jani la koka. Limber aliokota brashi zake moja moja, akazipanga sandukuni, akakipangusa kitabu kwa kiganja. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo linaninyima usingizi: alipiga magoti mbele ya Mzee Anselmo na kuanza kukipiga rangi kile kiatu cha kushoto.

"Acha, kijana," mzee alisema kwa haya.

"Kazi haiachwi nusu, mzee wangu," alijibu kaka yangu. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza mbele ya watu. Mama Ofelia aliisikia sauti ile safi ya mtu aliyesoma, akageuza uso.

Paka akarudi. Alikuwa peke yake.

"Pamefungwa," alisema, akishika magoti. "Mtaa mzima umefungwa. Chama cha wauzaji kinaandamana leo. Doña Eduviges ameondoka na vitu vyake vyote mgongoni."

Nilikuwa nimesahau! Chama kikiita maandamano, hakuna muuzaji anayebaki nyuma, maana kadi hugongwa muhuri mwanzo wa njia na mwisho wa njia, na asiye na mihuri miwili hapangi bidhaa wiki nzima. Kama kuthibitisha, fataki ya kwanza ililipuka kule juu, njiwa wa kanisani wakaruka wote kwa pamoja.

"Basi wanakuja huku!" nikapaza sauti. "Maandamano hupita hapa hapa uwanjani! Afande, nusu saa tu. Doña Eduviges atapita mbele yetu na pochi iko mgongoni mwake!"

Nilikuwa na furaha, wasomaji. Niliamini, kama ninavyoamini daima, kwamba ukweli ukipewa nusu saa utafika kwa miguu yake wenyewe.

Nikageuka kumtazama kaka yangu ili tushangilie kwa macho. Macho yake yalikuwa yamejaa hofu ambayo sijapata kuiona, hata siku ile ya uji.

Aliinuka. Alinipita karibu, kama anayetafuta kitambaa chake, akanong'ona kwa Kiaymara, lugha ya jikoni kwetu:

"Mama yuko kwenye maandamano yale. Safu ya mbele. Yeye ndiye mbeba bendera."

Dunia ikasimama.

Mama! Mama yangu, Doña Hilaria, mwanachama kwa miaka ishirini na sita, aliyepewa bendera ya chama mwezi uliopita na kuipiga pasi mara tatu. Yale maandamano yaliyombeba shahidi wa kaka yangu ndiyo yaliyombeba mtu pekee ambaye kaka yangu alijifunika uso kwa ajili yake. Naye angelitambua lile kovu hatua hamsini mbali.

Limber alikuwa ameshamwendea Sajini. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Afande, nipeleke. Twende sasa hivi."

"Enhe?"

"Nimesema nipeleke kituoni. Pitia mtaa wa nyuma."

"Ameungama!" sauti ya kike ikalia. "Mmemsikia? Ameungama mwenyewe!"

"Hakuungama!" nilipiga kelele. "Limb..." Nikaling'ata lile jina katikati. Ladha ya damu ilinijaa mdomoni.

"Mwongozaji, tulia," alisema Sajini, na pingu ya kwanza ikalia kwenye mkono wenye kovu. "Mwenyewe ameomba. Watu wasio na hatia hawaombi kituo."

Nilimshika Paka bega. "Fanya kitu!"

"Nifanye nini, dada? Amechagua."

"Ataandikwa mwizi! Mwizi hawi wakili. Miaka mitano ya masomo!"

Paka alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani hapo ndipo alipoelewa mimi ni nani. Sauti yake ikashuka.

"Sikia. Ukimtaja hapa, umemfukuza uwanjani kwa ulimi wako. Usipomtaja, kwenye karatasi ya polisi ni mwizi asiye na jina, na wakimfunua huko anapata jina na wizi vyote viwili. Mimi sikushauri. Mimi nina barakoa, wewe huna."

Fataki ya pili. Ya tatu, karibu zaidi. Sasa zilisikika sauti za wanawake zikiimba madai yao, na juu ya mtelemko nikaiona rangi nyekundu ya bendera, ndogo kama ukucha, ikiyumba juu ya mamia ya kofia za duara.

"Wote wamevaa sawa," Mama Ofelia alisema kwa sauti ndogo, kama mtoto. "Nitamjuaje yule wa machungwa? Wote wamevaa sawa."

"Mimi namjua," nikasema.

Lakini sikuwa nikimtazama Doña Eduviges. Nilikuwa naitazama bendera.

Sajini alimvuta kaka yangu. Limber alimfuata bila kusita, kichwa chini, akitembea haraka kuliko polisi wake, mtu anayekimbilia jela ili amkwepe mama yake. Hatua tano. Hatua kumi. Mtaa wa nyuma ulikuwa mbele yao, mtupu.

Nilikuwa na kiapo upande mmoja na "simjui" upande mwingine, na vyote viwili nilivitamka kwa mdomo huu mmoja. Sikuwa na uwezo wa kuyazuia maandamano wala kuyaharakisha. Sikuwa na uwezo wa kumrudishia Mama Ofelia hakika yake, wala kumfanya kaka yangu aache kuona haya. Kitu kimoja tu kilikuwa bado mikononi mwangu, na hicho hakikuwa changu.

Nikakimbia. Nikasimama mbele yao, nikafungua mikono kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Toka njiani, binti," Sajini alisema.

"Noemí," kaka yangu alinisihi kutoka ndani ya sufu. "Uliapa."

"Niliapa," nikasema. "Unisamehe."

Nikamwita mgeni wangu kwa sauti iliyonitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na umati wote ukageuka.

"Mama Ofelia, chukua kalamu! Andika chini ya yale maneno yangu ya jana. Andika kwamba nilikudanganya. Afande, nawe andika. Mimi ni Noemí Quisbert, na huyu ni Limber Quisbert, kaka yangu. Hicho kitabu ni chake, na pochi hakuichukua. Barakoa yake simvui, wala wewe hutamvua. Lakini hapiti mtaa wa nyuma. Tunabaki hapa, mimi na yeye, mpaka mama yetu afike na ile bendera, na mimi ndiye nitakayemwambia."